Visahani vya moto juu ya urani: nani aliulizwa?

Kuna karatasi moja ya mwaka 1952 ambayo kila inapoibuka mitandaoni husomwa kama ushahidi kwamba Wamarekani walikiri: vyombo kutoka sayari nyingine vilikuja Katanga kuchungulia urani yetu. Karatasi yenyewe ni ya kweli. Ni waraka wa CIA wa tarehe 16 Agosti 1952, na mwaka 2016 shirika hilo liliutoa tena hadharani pamoja na nyaraka zake nyingine chache kuhusu ovni, yaani vitu vya angani visivyotambulika.

Waraka unasimulia kwamba visahani viwili vya moto vilionekana juu ya migodi ya urani ya wilaya ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Vilipinda kwa madaha, vikasimama hewani, kisha vikachomoka kwa mwendo wa kupindapinda kuelekea kaskazini-mashariki. Watu waliokuwa chini walisikia mlio mkali wa kufoka na kuvuma. Waliyoyaona yalichukua dakika 10 hadi 12. Ofisa mmoja wa uwanja wa ndege, Kamanda Pierre, akapaa na ndege ya kivita, akakaribia kimojawapo hadi mita 120 hivi. Alikikadiria kuwa na kipenyo cha mita 12 hadi 15, rangi ya aluminiamu, ukingo wake umefunikwa na moto unaozunguka kwa kasi. Baada ya dakika 15 visahani vikamwacha, vikaelekea ziwa Tanganyika kwa kasi aliyoikadiria kuwa kilomita 1,500 kwa saa.

Masimulizi ni matamu. Lakini tuusome waraka jinsi karani wa mahakama anavyosoma hati ya kiwanja. Juu ya ukurasa pameandikwa kwamba habari hizi hazijapimwa. Chini yake panatajwa chanzo: gazeti la Die Presse la Vienna, toleo la tarehe 29 Machi 1952. Kwa maneno mengine, CIA haikumhoji mtu, haikutuma mtu, wala haikukiri lolote. Ilitafsiri habari ya gazeti la Austria na kuiweka kwenye faili.

Habari yenyewe ina matundu. Haitaji siku wala saa. Inasema tu "hivi karibuni". Machi kwetu ni masika, na mwandishi hasemi kama kulikuwa na mawingu. Kamanda ana jina moja tu. Kasi ya kilomita 1,500 imekadiriwa kwa macho, na jicho haliwezi kupima kasi ya kitu angani bila kujua kiko umbali gani. Kubwa kuliko yote, migodi inasemwa kuwa mashariki ya mto Luapula. Mtoto wa shule wa Kasenga anajua kwamba ukivuka Luapula kwenda mashariki umetoka Kongo; wakati ule ulikuwa umeingia Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia. Mgodi wa urani ulikuwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, upande mwingine kabisa, kaskazini-magharibi ya Lubumbashi.

Je, matundu hayo yanathibitisha kwamba hakuna kilichoonekana? Hapana. Dakika 10 ni nyingi mno kwa kimondo, ambacho huwaka sekunde chache na kuzimika. Huenda watu waliona kitu. Ila kwa habari iliyobaki, hakuna mwanasayansi anayeweza kusema walichokiona kilikuwa nini.

Wafaransa wana utaratibu mzuri wa kupanga mambo haya. Tangu mwaka 1977, kituo chao cha anga za juu cha CNES kina ofisi ndogo mjini Toulouse, leo inaitwa GEIPAN, inayopokea taarifa za wananchi, nyingi zikipitia kwa jandarme. Kila taarifa huishia katika fungu moja kati ya manne. A ni kilichotambuliwa kwa hakika. B ni kilichotambuliwa kwa uwezekano mkubwa. C ni kile ambacho habari zake hazitoshi. D ni kilichochunguzwa vizuri, habari zikatosha, na bado hakikuelezeka. Watu wengi wanaichukulia habari ya Elisabethville kuwa D. Ukweli ni kwamba ni C, na itabaki C milele, kwa sababu waliopaswa kuulizwa hawakuulizwa.

Tuangalie kwa nini. Shinkolobwe ilitoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya migodi ya Union Minière, alikuwa amekwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York. Mgodi ukazungukwa na siri, na mwaka 1952, vita baridi vikiwa vimepamba moto, siri hiyo haikulegea. Mahali kama hapo mtu wa kawaida hakuulizwa aliona nini, na mwenye busara hakusema. Ndiyo maana "waliokuwa chini", ambao bila shaka wengi wao walikuwa wafanyakazi na wanakijiji wa hapo, hawana jina hata moja katika waraka, wala neno lao wenyewe. Mwenye jina ni ofisa Mzungu peke yake.

Swali la leo, basi, ni hili: Lubumbashi inahitaji mahali pa kupeleka taarifa za angani? Wanaopinga wana hoja nzito. Umeme unakatika, maji ni ya shida, barabara za mitaa yetu ya Katuba na Kenya zinajaa mashimo, halafu tufungue ofisi ya visahani? Tena, mwananchi anayepiga picha angani karibu na uwanja wa ndege wa Luano au karibu na mgodi anaweza kujikuta anajibu maswali ya wanausalama. Hofu hii ya pili mimi naiona kubwa kuliko ya kwanza.

Hata hivyo, anga yetu imebadilika. Misururu ya setilaiti za Starlink inapita kama shanga za taa baada ya magharibi na kabla ya alfajiri. Kuna droni, na kuna mabaki ya roketi. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likazungushia eneo ulinzi, likachukua kipande na kueleza kwamba kinaonekana kuwa sehemu ya roketi. Hakuna aliyeumia. Lau angeumia mtu, mkataba wa kimataifa wa 1972 unaibebesha nchi iliyorusha chombo dhima ya hasara ardhini. Madai hayo ni magumu kuyathibitisha bila tarehe, saa, mahali na shahidi aliyeandikwa.

Hapo ndipo thamani ya kazi ya kupokea taarifa za angani ilipo. Jeshi la anga la Marekani, katika mradi wake wa Blue Book uliofungwa mwaka 1969, lilikusanya taarifa 12,618. 701 tu hazikuelezeka. Anayetafuta wageni wa mbali ataona uchache huo ni hasara. Anayetaka raia ajue kinachopita juu ya kichwa chake ataona maelfu ya taarifa zilizopata jibu: Zuhura, ndege, maputo, vimondo.

Mahali pa kazi hiyo si polisi wala ofisi ya usalama. Ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kitivo cha sayansi, kikisaidiwa na mashirika ya serikali ya METTELSAT kwa hali ya hewa na RVA kwa ratiba za ndege. Fomu iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja: siku, saa, ulisimama wapi, ulitazama upande gani, kilidumu muda gani, kulikuwa na mawingu. Urefu juu ya upeo upimwe kwa ngumi: ukinyoosha mkono, ngumi yako inafunika nyuzi 10 hivi. Mashahidi wahojiwe mmojammoja, kabla hawajasimuliana. Majina yahifadhiwe, majibu yatangazwe.

Hayo yanaweza kuanza na mwalimu mmoja wa fizikia, wanafunzi wawili na simu moja. Kama baada ya miaka mitano hawatakuwa wamepata ila Zuhura na ndege za Luano, daftari lifungwe; tutakuwa tumepoteza karatasi, na wanafunzi kadhaa watakuwa wamejifunza kuhoji shahidi.