Umegonga, Ukaondoka: Visingizio Tunavyopeana Kati ya Bukoba na Muleba

Noah inarudi nyuma stendi ya Bukoba, inagusa pikipiki iliyoegeshwa. Fuso ya ndizi inapita karibu mno pale Muhutwe, kioo cha pembeni kinamkwaruza mwendesha baiskeli. Mchomoko, gari dogo la abiria, unakwepa shimo kwenye ukungu wa asubuhi, unalaza uzio wa kibanja cha mtu. Dereva anatazama nyuma, haoni aliyelala chini, anakanyaga mafuta. Jioni moyo unaanza kumsuta na anawauliza wenzake: niende polisi au ninyamaze?

Kijiweni karibu kila jibu atakalopewa litamwambia anyamaze. Majibu hayo yamezoeleka hadi yamekuwa kama sheria ya pili ya barabara zetu. Mengi si kweli, machache yana ukweli nusu, na yote yanamsahau mtu mmoja: yule aliyegongwa.

“Ile haikuwa ajali, tuligusana tu.” Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, haimpi dereva ruhusa ya kujipimia ajali yake mwenyewe. Gari likisababisha mtu aumie au mali iharibike, dereva asimame. Kama kuna aliyeumia, amsaidie. Ataje jina na anwani yake, amtaje mwenye gari, atoe na namba za gari kwa mtu mwenye sababu ya kuziuliza. Kama hayo hayakufanyika palepale, aende kituo cha polisi mapema iwezekanavyo. Taa ya pikipiki ni mali. Migomba mitatu iliyolala kando ya lami ni mali, na kwa Mhaya kibanja kina uzito kuliko mali nyingine: ndipo alipozaliwa, ndipo alipomzika baba yake. Dereva anayesema “ni migomba tu” hajui aliingia nyumbani kwa nani.

“Kosa ni la bodaboda, hana hata leseni.” Inawezekana kabisa. Vijana wengi wa bodaboda wa Kashai na Hamugembe wanapenya palipo na hatari, wengine bila kofia, wengine na abiria wawili nyuma. Lakini swali la nani mkosaji ni moja, na wajibu wa kusimama na kutoa taarifa ni jingine. Ukiwa huna kosa, ndiyo sababu kubwa zaidi ya kufika kituoni mapema, kwa sababu atakayefika wa kwanza ndiye atakayesimulia kwanza. Ukiondoka, unamwachia mwenzako aeleze habari nzima peke yake, na maelezo yake yatakuwa na jambo moja usiloweza kulikanusha: kwamba ulikimbia.

“Ningesimama wangeniua.” Hili ndilo dai zito kuliko yote, na halifai kujibiwa kwa kejeli. Hasira ya watu waliokusanyika kwenye ajali ni jambo la kweli nchini mwetu. Kuna madereva waliopigwa na magari yaliyochomwa, na mtu aliye peke yake usiku huku akizingirwa na pikipiki ishirini hana muda wa kutafakari vifungu vya sheria. Dereva anayeona maisha yake yako hatarini, aondoke pale. Ila aondoke akielekea wapi? Hapo ndipo penye hoja. Aliyeogopa kweli anaelekea kituo cha polisi kilicho karibu, au anasimama palipo na watu anaowaamini na kupiga 112, anaeleza kilichotokea na kuomba aliyeumia afuatwe. Hofu inaeleza kwa nini hukukaa pale. Haielezi kwa nini ulifika nyumbani, ukaosha gari, ukala chakula, ukalala.

Tena tuwatendee haki watu wa mkoa huu. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi na wananchi wa kawaida. Watu 19 walikufa siku ile, na 24 walinusurika. Waliokwenda majini hawakumuuliza mtu ukoo wake wala kosa lake. Ukisimama haraka, ukashuka garini, ukamwinua uliyemgonga na kuanza kutafuta usafiri wa kumpeleka hospitali, mara nyingi watu hao unaowaogopa ndio watakaokusaidia kumbeba. Kinachowasha hasira kuliko kingine chochote ni kuona gari linatoroka. Kila anayekimbia anamwongezea hatari dereva atakayegonga kesho mahali palepale, kwa sababu watu watakuwa wamejifunza kwamba wenye magari hawasimami.

“Nimeshaondoka. Kurudi sasa ni kujikamatisha mwenyewe.” Wengi wanakwama hapa, hata wale wenye roho nzuri. Dereva anaona mlango umeshafungwa: kosa la kuondoka limetendeka, kilichobaki ni kuomba lisijulikane.

Tuseme ukweli wote. Kwenda polisi saa tatu baadaye hakufuti kosa la kutosimama. Unaweza kushtakiwa, unaweza kutozwa faini. Lakini mtu aliyejipeleka mwenyewe na mtu aliyefuatwa na askari hadi nyumbani hawasimami mahali pamoja, si mbele ya trafiki, si mbele ya hakimu, si mbele ya aliyegongwa. Wa kwanza anaweza kueleza kwamba alishtuka, aliogopa, hakuona vizuri kwa sababu ya mvua. Wa pili atayasema hayohayo, na nani atamwamini? Kosa la kuondoka lilikuwa la dakika moja. Kila saa unayonyamaza unaliongeza kwa hiari yako, ukiwa umekaa, umetulia, na akili yako timamu.

Halafu hii si Dar es Salaam. Barabara kuu ya kutoka Bukoba kupita Kemondo hadi Muleba ni moja. Vijana wa bodaboda wanayajua magari kwa namba, kwa rangi, hata kwa mlio wa injini. Gari lenye bampa iliyochubuka likifika kwa fundi wa kunyoosha bodi Rwamishenye au Muleba mjini, fundi anauliza, msaidizi wake anasikia, na jioni habari imefika kijiweni. Polisi wakishapata namba ya gari, wa kwanza kuulizwa ni mwenye kadi. Unategemea ukimya wa watu wangapi?

“Subiri kesho, pombe iishe mwilini.” Ushauri huu hutolewa kwa sauti ya chini na watu wanaojiona wanamsaidia rafiki. Kiwango kinachoruhusiwa Tanzania kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Anayesubiri hadi asubuhi ili kipimo kisimwone ameshakiri moyoni kwamba hakustahili kushika usukani. Na huo usiku anaousubiri upite ndio usiku ambao aliyegongwa anahitaji msaada. Siwezi kuuita urafiki.

“Tulimalizana wenyewe, nilimpa elfu ishirini.” Kusuluhishana si dhambi. Kikwaruzo cha bampa kati ya madereva wawili waliosimama, wakapeana majina na namba za simu, wakakubaliana gharama za fundi, ni jambo la kiungwana, na sina ugomvi nalo ilimradi liandikwe. Karatasi moja yenye tarehe, namba za magari, kiasi kilicholipwa, saini za wote wawili na shahidi, ikiwezekana mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, inaokoa ugomvi wa miezi.

Penye mwili wa mtu habari hubadilika. Abiria wa pikipiki anaanguka, anasimama, anajipangusa vumbi, anasema hajambo. Mwili wenye mshtuko hausikii maumivu mara moja. Unampa noti mbili, anazipokea kwa sababu ni maskini na kwa sababu ana haraka, nawe unaondoka ukijiona mwema. Usiku kichwa kinaanza kuuma, anatapika, ndugu wanamkimbiza hospitali ya Rubya au Ndolage. Hospitali itataka kujua aliumiaje, na ndugu wataambiwa walete PF3 kutoka polisi. Polisi watauliza: aligongwa na gari gani? Wao hawajui. Wanajua lilikuwa jeupe.

Elfu ishirini haikununua haki yake ya kutibiwa wala ya kudai fidia, na haikukuondolea wajibu wako. Aliyeumia, hata akisema hajambo, anapelekwa kwa daktari kwanza, na polisi wanaarifiwa. Mkitaka kusuluhishana, mtasuluhishana baada ya hapo, mkijua mnachosuluhisha.

“Nina bima ndogo, hainilipi chochote, ya nini kwenda kuripoti?” Dai hili linaonyesha jinsi tunavyonunua bima kama tunavyonunua kibali cha kupita kwenye kizuizi cha trafiki. Bima ndogo, ile ambayo kwa miaka mingi wenye magari madogo binafsi wameilipia shilingi 118,000 kwa mwaka, haikukusudiwa kulitengeneza gari lako. Ipo kwa ajili ya yule uliyemgonga. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ilimlazimisha kila mwenye gari aikate ili aliyeumizwa asitegemee mfuko wa dereva, ambao mara nyingi ni mtupu. Kampuni ya bima inakuwa na deni kwa mtu usiyemjua, na deni hilo umeshalilipia wewe.

Lakini ili alipwe, kampuni inataka karatasi za polisi: mchoro wa ajali, PF 115, PF 90, na ripoti ya mkaguzi wa magari. Gari lisipojulikana, yule mwendesha baiskeli wa Muhutwe hana wa kumdai. Hajui gari lilikatiwa bima kampuni gani, hawezi kufungua madai, hawezi hata kufungua kesi, maana atamshtaki nani? Kwa kunyamaza, dereva anamnyang'anya mwenzake fedha ambazo zilikwishalipiwa kwa ajili yake. Katika yote niliyoyataja, hili ndilo linaloniuma zaidi.

Mwenye bima kubwa naye asijidanganye. Mkataba wake unamtaka aiarifu kampuni mapema, na kwa kawaida unamkataza kukiri kosa au kuahidi malipo kabla kampuni haijaridhia. Akitengeneza gari kimyakimya, kisha aliyegongwa akaibuka mwezi wa pili na mwanasheria, kampuni itakuwa na sababu ya kumgeuzia mgongo. Magari ya Uganda yanayoingia kwa Mutukula nayo hayako nje ya utaratibu huu, kwani kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua, ipo ili aliyegongwa huku alipwe huku. Nayo pia inahitaji taarifa ya polisi.

“Polisi watanila hela, gari litalala kituoni.” Sitamwambia mtu kwamba hofu hii ameibuni. Wapo waliocheleweshwa, wapo walioombwa cha kuwatoa. Ila kosa la askari halimpi dereva ruhusa ya kumwacha mtu barabarani. Ni sababu ya kwenda ukiwa umejiandaa. Nenda na mtu mzima mmoja unayemwamini. Beba leseni, nakala ya kadi ya gari na ya bima, na picha ulizopiga kama ulizipiga. Eleza kilichotokea bila kuongeza, hakikisha maelezo yako yameandikwa, usisaini usichokisoma, na usitoke bila RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Dhamana haiuzwi. Ukidaiwa fedha isiyo na stakabadhi, TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113 na simu hiyo ni bure. Gari linaweza kushikiliwa hadi mkaguzi alitazame, na ni usumbufu kweli. Hata hivyo, gari lililofuatwa na polisi baada ya wiki mbili nalo hushikiliwa, tena mwenyewe akiwa ndani.

“Bosi atanifukuza.” Hili husemwa na madereva wa Haisi, michomoko na Fuso, watu wanaoamka na deni la hesabu ya jioni. Ni la kweli kuliko tunavyopenda kukubali, na lawama yake haimwendei dereva peke yake. Mwenye gari anayemwambia kijana wake “usiniletee kesi” amemwagiza akimbie kabla hajagonga. Gari ni lake, kadi ina jina lake, bima kaikata yeye, na familia ya aliyeumia itamfuata yeye mwenye mali. Wamiliki wa Bukoba na Muleba wangewaambia madereva wao neno moja tu, kwamba anayesimama hafukuzwi, nusu ya visingizio hivi vingekufa wiki hiyohiyo.

Basi wewe ambaye juzi au jana, kwenye mteremko wa Nyangoye au pale Kemondo, uligusa mtu au mali ya mtu ukaondoka, na hadi leo hujamwambia yeyote ila mkeo: usingoje fundi amalize kupaka rangi. Nenda leo kituo cha polisi kilicho karibu nawe, toa maelezo, chukua RB, piga simu kwenye kampuni yako ya bima, kisha uliza yule uliyemgonga amelazwa wapi.