MAONI YETU: Jasho la Askari Lisiwe Shamba la Matajiri

Mwaka 1944, Marekani iliwaahidi askari wake wa Vita Kuu ya Pili kwamba wangelipiwa karo warudipo nyumbani. Mwaka 2008 ahadi hiyo ilipanuliwa kwa wale waliotumikia jeshi baada ya Septemba 11, 2001. Hiyo si sadaka. Ni malipo ya jasho, na kwa wengine malipo ya damu.

Lakini fedha za umma hazikosi wanyemeleaji. Sheria ya nchi hiyo ilivitaka vyuo vya kibinafsi vinavyoendeshwa kwa faida vipate angalau asilimia 10 ya mapato yao nje ya misaada ya elimu ya serikali kuu. Nia ilikuwa njema: chuo chenye thamani hakikosi mtu wa kukilipa kwa fedha zake mwenyewe. Kumbe sheria ilikuwa na tundu. Fedha za askari, ingawa zilitoka katika hazina ile ile, zilihesabiwa kana kwamba si msaada wa serikali. Basi kila dola moja ya askari ilikiruhusu chuo kuchota dola 9 nyingine. Ndiyo sababu askari walisakwa hata kambini.

Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Tom Harkin ilichunguza kampuni 30 za vyuo hivyo. Taarifa yake ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba mwaka 2009 zilitumia asilimia 22.7 ya mapato kujitangaza na kusajili wanafunzi, na asilimia 17.2 tu kufundisha.

Mbona tundu halikuzibwa mapema? Wenye vyuo walikuwa na washawishi wao Washington, wakidai kwamba kuliziba kungemnyima askari uhuru wa kuchagua. Sisi twauliza: ana uhuru gani mtu anayechagua huku akidanganywa? ITT Technical Institute ilipofunga milango Septemba 2016, askari waliokuwa wakisoma humo waliachwa njiani, na haki ya karo waliyokwisha kuitumia haikuweza kurudishwa mpaka sheria ilipotungwa mwaka 2017.

Kilichoshinda ni subira ya askari wenyewe. Vyama vyao viliwaandikia wabunge na kutoa ushahidi mbele ya kamati, mwaka baada ya mwaka, hadi Machi 2021 Bunge lilipoliziba tundu hilo. Utaratibu mpya ulianza kutumika kwa miaka ya fedha iliyoanza mwaka 2023.

Sisi Wakenya twaijua nguvu ya kifungu kimoja. Kifungu cha 2A, kilichoingizwa katika Katiba mwaka 1982, kilitufunga katika chama kimoja hadi kilipoondolewa Desemba 1991. Kwa hiyo twawasihi wapenda haki wote, makanisani na katika vikundi vya raia: kila mswada unaogusa karo za watoto wetu usomwe kifungu kwa kifungu, na kila mbunge aulizwe ni nani waliomtembelea kabla ya kura. Mnyonge asipokuwapo sheria inapoandikwa, tajiri atamwandikia.