Mkanda wa Saa Ulikatika, Nikajiona Mkosaji

Haya jamani, leo tuache kidogo mambo ya programu na hifadhidata. Nataka tuzungumze kuhusu mkanda wa saa. Ndiyo, mkanda wa saa ya mkono. Usicheke kwanza, nisikilize.

Juzi nilikuwa nyumbani hapa Kiwanjani, Isiolo, nachota maji, mkanda wa saa yangu ukakatika. Saa ikaanguka kwenye saruji lakini haikuvunjika. Ni saa ya kawaida ya mishale, niliachiwa na baba. Wiki hiyohiyo, ile saa yangu nyingine ya kielektroniki, inayohesabu hatua nikienda kukimbia, nayo ikapasuka pale mkanda unapoungana na saa. Nikajikuta na saa mbili mezani: zote zinafanya kazi, hakuna hata moja inayovalika.

Mpwa wangu akaziangalia, akasema, "Mjomba, si upeleke kwa fundi?"

Nikamwambia, "Lete rula na sinia. Fundi ni mimi na wewe."

Tukaanza na saa ya mzee. Kama hujawahi kufanya kazi hii, ni hivi. Mkanda hushikwa na pini mbili nyembamba, moja kila upande. Ndani ya pini kuna springi, na ncha zake huingia kwenye vitundu vidogo katika ubavu wa saa. Ingiza ncha ya bisibisi ndogo, au hata sindano nene, kati ya mkanda na saa. Sukuma ncha ya pini kuelekea katikati, na mkanda utatoka. Sinia ni la nini? Pini ikikuponyoka inaruka kama panzi. Yetu ya kwanza iliruka hata hivyo, ikaingia chini ya kochi, na mpwa ndiye aliyeiona.

Kisha pima kwa rula nafasi ile ambamo mkanda unakaa. Yetu ilikuwa milimita 20. Saa nyingi ni 18, 20 au 22. Ukishajua namba hiyo, umemaliza kazi ngumu. Nilienda sokoni mjini, mchuuzi wa saa na miwani akatoa rundo la mikanda, nikachagua mmoja wa ngozi. Hakuniuliza saa ni ya kampuni gani wala ya mwaka gani. Aliuliza namba tu. Nusu saa baadaye saa ya baba ilikuwa mkononi mwangu.

Sasa njoo kwenye ile ya kisasa. Haina pini. Mkanda wake unaingia kwenye mfereji wa umbo la pekee ambalo kampuni ililibuni yenyewe. Rula haikunisaidia. Mchuuzi aliigeuza mara mbili akanirudishia. Nikapiga simu Nairobi, zaidi ya kilomita 250 kutoka hapa, nikaambiwa modeli hiyo haitengenezwi tena, mikanda yake imekwisha, bora ninunue saa mpya. Nilijaribu gundi, ikashika siku mbili.

Mpwa akauliza, "Kwa hiyo mjomba, hii mpya ndiyo imezeeka?"

Swali hilo limenikaa kichwani hadi leo.

Maoni yangu ni haya: uwezo wa kutengeneza kitu nyumbani hautegemei ufundi wako peke yake. Unategemea kama aliyekiunda aliacha kiungo ambacho mtu mwingine anaweza kukipima na kutengeneza kinacholingana nacho. Sisi waandishi wa programu tunaita kiungo kama hicho kiolesura. Pini ya milimita 20 ni kiolesura kizuri sana. Saa haijui chochote kuhusu mkanda, na mkanda haujui chochote kuhusu saa. Wanakubaliana juu ya namba moja tu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Saa nyingi za mkono za wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918) zilikuwa na waya uliolehemewa kwenye saa, usioweza kutolewa. Pini ya springi ilienea baadaye, ikamkomboa mwenye saa. Na wenzangu wa umri wangu mnakumbuka chaja za simu za miaka ya 2000. Hata ndani ya Nokia kulikuwa na pini nene na pini nyembamba. Umoja wa Ulaya uliamua kwamba simu mpya zinazouzwa huko zitumie USB-C kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na hata iPhone ilikuwa imeshahamia huko mwaka 2023.

Kuna atakayesema kiungo cha pekee ni imara zaidi, tena kinapendeza. Huenda ni kweli. Apple ilipoanza kuuza saa yake mwaka 2015 haikutumia pini za kawaida, lakini mikanda mingi ya mwaka ule bado inaingia kwenye saa zake za miaka mingi iliyofuata. Kwa hiyo kuwa tofauti si dhambi. Dhambi ni kumfungia mtu kwenye kiungo chako, kisha ukamwacha.

Na hapa ndipo niliponyamaza kidogo, maana mimi mwenyewe nimefanya hivyo.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mwenye duka moja la dawa za mifugo programu ya kuweka hesabu za mauzo na madeni. Inafanya kazi vizuri. Ila data zake nilizihifadhi kwa muundo nilioubuni mimi, na hakuna njia ya kuzitoa isipokuwa kunipigia simu. Wakati ule nilijiona mjanja, kwamba mteja hatanikimbia. Sasa najiuliza: nikifa, au nikihama, au nikikasirika tu, mzee yule atafanyaje na madeni ya wafugaji wake? Nilimjengea mfereji wa pekee, kama ule wa saa yangu.

Jumamosi nilienda dukani kwake na kompyuta yangu. Nimemwekea kitufe kimoja kinachotoa kila kitu katika faili la CSV, linalofunguka kwenye programu yoyote ya majedwali. Akaniuliza, "Sasa kijana, unaniacha?" Nikamjibu, "Hapana mzee. Nataka ubaki kwangu kwa kupenda, si kwa kukosa pa kwenda."

Saa ya kielektroniki iko kwenye droo, betri yake bado nzima. Ya baba naivaa ninapoandika haya.

Nawe unayeandika programu, mteja wako akitaka kubadilisha mkanda, atahitaji rula tu, au atakuhitaji wewe?