Kupindua Sentensi si Urembo

Wapo walimu wa Kiingereza wanaoifundisha sentensi iliyopinduliwa kana kwamba ni pambo la kuvaa siku ya mtihani. Ubaoni huandikwa: "An old man was sitting under the tree." Mwanafunzi huamriwa aanze na "Sitting", naye huandika: "Sitting under the tree was an old man." Hupewa alama yake, kengele ikalia. Kwa nini sentensi ile igeuzwe, haambiwi.

Nasema huko si kufundisha lugha. Ni kufundisha sarakasi.

Mwingereza hapindui maneno ili aonekane msomi. Hutanguliza jambo ambalo msikilizaji amekwisha kulijua, yaani mti ule, ili mgeni, yaani mzee, aingie mwishoni na kubaki machoni petu. Na kitenzi humfuata huyo aliyekuja mwisho: wakiwa wazee wawili, "was" huwa "were".

Asiyeelezwa sababu hujitungia kanuni. Hudhani kila sentensi inayoanza na "-ing" sharti ipinduliwe, akaandika: "Having eaten, left the guests." La hasha! Hapo kula ni tendo lililotangulia tu, na kiima hubaki mahali pake: "Having eaten, the guests left." Kosa hili hukatwa kwa kalamu nyekundu, na mtoto huambiwa hana akili.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mtoto wetu wa sekondari huingia darasani akiwa na mbinu hiyo tayari kinywani. Bibi yake, asiyejua neno moja la Kiingereza, husema, "Chini ya mwembe ameketi mzee." Akitaka, husema "pameketi mzee", akakipatanisha kitenzi na mahali penyewe, jambo ambalo Kiingereza hakiliwezi. Lakini mwalimu, kwa kuogopa Kiswahili kisije kikaharibu Kiingereza, hukataza mfano huo usitajwe. Mtoto anauziwa kwa bei ghali kitu kilichomo nyumbani kwao.

Basi, mwalimu, kabla hujaandika "Sitting" ubaoni, waulize wanafunzi bibi zao wangesemaje. Kisha waulize: katika maneno haya, ni nani tuliyekwisha kumjua, na ni nani mgeni? Atakayelijibu swali hilo atajua lini apindue na lini aache.