MGENI NJOO, MWENYEJI APONE – AU APONE WAKALA?

Imezuka katika vyama vyetu vya hiari tabia ambayo hatuna budi kuikemea kabla haijaota mizizi. Chama kinapotaka kufanya mkutano wake wa mwaka, jambo la kwanza linaloulizwa si hoja gani zitazungumzwa, bali ni wakala gani wa Dar es Salaam atakayekabidhiwa kazi ya kuuandaa. Wakala huyo ndiye huchagua tarehe, ukumbi, chakula na mapambo, na mara nyingine hata wasemaji. Kazi inayowabakia wanachama ni kuvaa fulana walizogawiwa, kuketi walikopangiwa, na kupiga makofi.

Tuchukue mfano wa Kisiwa cha Mafia, maana huko ubaya wa tabia hii unaonekana waziwazi. Tuseme chama kisicho cha faida, chenye walimu, wavuvi na watumishi wa wilaya, kinataka kuwaita wenzao Kilindoni wajadili hifadhi ya bahari na elimu ya watoto wa pwani. Je, kikodi wakala, au kiandae chenyewe?

Watetezi wa wakala wana hoja, na si haki kuzipuuza. Wanasema kwamba mwalimu aliyefanywa katibu wa maandalizi huliacha darasa lake bila mwalimu. Wanasema kwamba kamati za kujitolea hupoteza stakabadhi, huchelewesha barua, na hugombana juu ya nani apokee wageni. Haya yote yametokea, na atakayekana hajapata kukaa katika kamati. Lakini dawa ya kamati mbovu ni kuirekebisha kamati. Mtu ambaye jembe lake limepinda hulinyoosha. Hamwiti jirani amlimie shamba na kumwachia mavuno.

Kwanza, tutazame fedha. Mawakala wengi hulipwa kwa asilimia ya gharama za mkutano. Maana yake ni wazi: kadiri mkutano unavyokuwa ghali, ndivyo wakala anavyonufaika. Kwa mfano, chama chenye bajeti ya shilingi milioni 20, kikikubali kumlipa wakala asilimia 15, kimetoa shilingi milioni 3 kabla mjumbe mmoja hajanywa maji. Nani atatarajia mtu wa namna hiyo apunguze gharama? Fedha za chama cha hiari ni ada za wanachama na michango ya watu waliojinyima. Kuzitumia kumnenepesha dalali ni kumruhusu kupe akae juu ya ng'ombe ambaye mwenyewe amekonda.

Pili, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mafia ina wali wa nazi, samaki na pweza. Ina akina mama wasukao mikeka ya ukindu. Ina manahodha wa majahazi, na mafundi wa Jibondo waliorithi ujuzi wa kuunda vyombo. Mkutano ukiandaliwa na wenyeji, mama ntilie wa Kilindoni atauza, mwenye nyumba ya wageni atalaza, na mwenye boti atavusha wajumbe kutoka Utende kwenda Chole. Wakala kutoka mjini huja na wapishi wake, vitambaa vyake, na hata maji ya chupa kutoka bara. Mgeni amekuja, lakini aliyepona ni wakala.

Tatu, kuna ujuzi usiouzwa dukani. Mafia ni kisiwa, na safari ya kivuko kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni hutegemea bahari. Mzaliwa wa Mafia anajua kusi linapovuma mambo huwa vipi, na anajua masika hufanya nini barabara za vijijini. Yeye angeshauri mkutano ufanyike Desemba: shule zimefungwa, kwa hiyo mwalimu hakimbii darasa, madarasa yako wazi kwa vikao, na papa potwe, ambao huonekana karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, wako tayari kuwafundisha wageni kwa macho yao. Hivyo ile hoja ya darasa lisilo na mwalimu inajibiwa na kalenda, wala haihitaji wakala.

La nne ndilo kubwa kuliko yote. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, chini ya sheria ya mwaka 1994 inayotaka wanavijiji washirikishwe katika kupanga na kusimamia hifadhi. Mvuvi wa Jibondo alipata haki hiyo kwa sababu bahari ndiyo riziki yake. Sasa, wakala atakapopanga ratiba, atampa mvuvi huyo nafasi gani? Atampa ngoma ya kuwapokea wageni uwanjani, na dakika tano za kutoa shukrani. Hoja zake juu ya nyavu na maeneo yaliyofungwa hazipendezi katika picha. Anayepanga mkutano huamua nani aseme, na anayeamua nani aseme ameamua nusu ya maazimio.

Historia yetu inatufundisha. Januari 1958, TANU ikiwa na umri usiotimia miaka minne na mfuko mwembamba, ilikutana Tabora na kuamua juu ya kura tatu. Uzito wa mkutano ule ulikuwa katika hoja za wajumbe. Hakuna anayeukumbuka kwa mapambo. Na Novemba 2015, Rais Magufuli alipoagiza fedha za tafrija ya wabunge zikanunue vitanda vya Hospitali ya Muhimbili, wananchi walielewa mara moja, bila kuhitaji semina.

Hatusemi kwamba chama kisinunue huduma yoyote. Boti, vipaza sauti na jenereta vikodiwe, kwa bei iliyoshindanishwa na mkataba ulioandikwa. Penye haja ya mkalimani, naye alipwe. Lakini mkono ndio hukodiwa, kichwa hakikodishwi. Tarehe, ajenda, orodha ya waalikwa, mfuko na kumbukumbu za mkutano vibaki mikononi mwa wanachama. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inataka shirika litoe kila mwaka taarifa ya kazi zake na ya hesabu zilizokaguliwa. Wajibu huo ni wa shirika, na mkaguzi akija hatamwuliza wakala.

Ndugu walimu na watumishi, ninyi ndio makatibu na waweka hazina wa vyama hivi. Mnajua kuandika muhtasari, mnajua kutunza daftari, na kila mwaka mnasimamia mitihani ya watoto bila kumkodi mtu. Kamati ya watu saba wenye kazi zilizogawanywa, daftari moja la fedha linalosomwa mbele ya wanachama kila wiki, na miezi sita ya matayarisho, vinatosha. Mwaka wa kwanza mtakosea. Mwaka wa pili mtakosea kidogo. Mwaka wa tatu vijana mliowafundisha wataandaa bila ninyi, na hiyo ndiyo faida ambayo wakala hawezi kuwaachia, kwa kuwa akiiacha atakosa kazi.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Chama kisichoweza kuandaa kikao chake chenyewe kitawezaje kulinda bahari?