NANI ANGESHINDA? UBISHI WA MASHUJAA NA ADABU ZAKE



Ndugu wanafunzi, pamoja na wazazi mnaosoma jarida letu, tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo halimo katika ratiba ya masomo, lakini huenda linazungumzwa hapa madrasa kuliko somo lolote. Nalo ni ubishi wa mashujaa. Nani angeshinda, Superman au Batman? Goku au Naruto? Rambo au Komando? Ubishi huu huanza mkiwa mnavua viatu mlangoni, hukatizwa na kengele, kisha huendelea njiani mpaka Msimbazi, na wengine huenda nao hadi Gerezani.

Mwaka huu ubishi huo ulifika pabaya. Vijana wawili wa darasa moja, marafiki wa siku nyingi, walikamatana. Kanzu ya mmoja ilichanika begani, kofia ya mwenziwe ikaishia mtaroni, na kwa muda wa wiki mbili hawakupeana salamu. Waliowagombanisha ni Goku na Naruto, ambao hata mmoja wao hajapata kuzaliwa. Baadhi ya wazazi walikuja kutuomba tupige marufuku mazungumzo ya namna hii yote. Walimu tulikaa, tukalijadili, na rai yetu ni hii: ubishi huu usipigwe marufuku, bali uwekewe masharti. Ukiwa na masharti ni mazoezi mazuri ya akili. Usipokuwa nayo, mwisho wake ni matusi na ngumi.

UBISHI HUU SI MGENI

Kwanza tuwakumbushe wazazi kwamba jambo hili hawakulianzisha watoto wa zama za simu. Babu zetu walijiuliza nani mjanja zaidi, Sungura au Abunuwasi. Wazazi wetu waliosoma riwaya za Kiswahili walibishana juu ya Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona (1974) na Kikosi cha Kisasi (1979), na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Kisha vikaja vibanda vya video, na kila aliyetoka humo alitoka na shujaa wake. Mtu wa Bruce Lee hakukubali kumsikia mtu wa Rambo. Hapo ndipo mtaani tulipopata ule msemo kwamba steringi hafi.

Kwa hiyo mzazi anayemkemea mwanawe leo, naye ajiulize alikuwa upande wa nani.

KWA NINI UBISHI HAUISHI

Hebu tutazame tofauti moja. Hapa Kariakoo tunaishi katikati ya Simba na Yanga. Ubishi wao ni mkali, lakini una mwisho, kwa kuwa kuna uwanja, kuna mwamuzi na kuna saa ya kumaliza. Tarehe 6 Mei 2012 Simba waliifunga Yanga 5-0. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga nao wakaifunga Simba 5-1. Mtu anaweza kununa, lakini hawezi kukanusha.

Ama mashujaa wa hadithi, wao hawana uwanja wanaokutana. Goku alichorwa na Akira Toriyama wa Japani kuanzia mwaka 1984. Naruto alichorwa na Mjapani mwingine, Masashi Kishimoto, kuanzia mwaka 1999. Kila mmoja ana ulimwengu wake na kanuni zake, na anashinda kwa sababu mtunzi wake ametaka ashinde.

Tuchukue mfano wa Rambo. Wengi hawajui kwamba kabla ya filamu palikuwa na kitabu, kilichoandikwa na Mmarekani David Morrell mwaka 1972. Katika kitabu hicho Rambo anauawa mwishoni. Filamu ilipotoka mwaka 1982, Rambo akaachwa hai, na zikafuata filamu nyingine 4. Mtu ni yule yule na vita ni vile vile, ila aliyeamua mwisho ni mwingine. Basi anayesema "Rambo hafi" na anayesema "Rambo alikufa" wote wawili wamesema kweli, kama kila mmoja atataja ametoa wapi habari yake.

Hapo ndipo penye sharti la kwanza: taja chanzo chako. Wanafunzi wetu mnalijua hili katika masomo mengine, kwamba habari haipokelewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani. Tunashangaa inakuwaje mwanafunzi anayedai chanzo asubuhi, jioni anapigana kwa ajili ya jambo alilosikia kwa jirani ambaye naye hakulisoma.

UWANJA NI UPI?

Sharti la pili ni kutaja uwanja. Mwaka 1978 kampuni ya Marekani ya DC ilitoa kitabu cha michoro ambamo Superman alipambana na bondia Muhammad Ali, ambaye wakati huo alikuwa hai na mashuhuri duniani kote. Wengi mtasema hilo si pambano, Superman angemrusha hadi mwezini. Lakini watunzi walilifikiria hilo mapema. Nguvu za Superman zinatoka katika jua letu la manjano, basi pambano likafanyika chini ya mwanga wa jua jekundu, ambao unamwondolea nguvu hizo. Wakabaki watu wawili na ngumi zao, na katika ngumi bondia alikuwa ndiye fundi. Ali akashinda. Ushindi ule ulikuja baada ya kuweka uwanja wa haki, wala hapakuwa na haja ya kupiga kelele.

Sasa sikilizeni kilichotokea hapa kwetu. Februari 1980 Muhammad Ali huyo huyo alikuja Dar es Salaam, safari hii kwa kutumwa na Rais Jimmy Carter wa Marekani. Alikuja kutushawishi tususie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wa habari walimuuliza mbona Afrika iliposusia michezo ya Montreal mwaka 1976, kwa ajili ya ubaguzi wa Afrika Kusini, Marekani haikuiunga mkono. Bingwa hakuwa na jibu, kwa kuwa historia hiyo hakuelezwa kabla ya kusafiri. Tanzania ikaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, kila mmoja na yake.

Mtu aliyemshinda Superman kitabuni alishindwa kwa hoja Dar es Salaam. Nguvu zake hazikupungua, wala hakuwa mtu wa kudharauliwa. Uwanja ulikuwa wa hoja, naye hakupewa silaha za uwanja huo.

Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa nani angeshinda, jibu la kwanza liwe swali: katika nini? Kama kazi ni kupakua makontena bandarini, tumpeni Superman, maana hatahitaji winchi. Kama kazi ni kuuza mashati Mtaa wa Kongo siku ya mwezi 28 Ramadhani, tunaogopa Superman angerudi na mzigo wake wote, na Sungura angemaliza mzigo kabla ya adhuhuri.

MFANO WA MJADALA MZURI

Tusidhani kwamba masharti yanaondoa utamu. Tulipowaachia wanafunzi wa darasa la juu wajadiliane mbele yetu, tulitoa swali hili: Fumo Liyongo akikutana na Willy Gamba, nani angeshinda?

Kwa wasiomjua, Liyongo ni yule shujaa wa pwani ya kaskazini, pande za Pate, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utenzi wake mwaka 1913. Hakuna silaha iliyomuua isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Alifungwa gerezani, mama yake akampelekea mkate wenye tupa ndani yake, akakata minyororo wakati watu wa nje wakishangilia ngoma.

Wavulana wengi walikuwa upande wa Willy kwa sababu ana bastola. Mmoja akajibu kwamba risasi si sindano ya shaba, kwa hiyo haifai kitu. Ikaonekana mambo yamekwisha na Liyongo ameshinda. Ndipo akasimama msichana mmoja, akasema kwanza anakubali kwamba Liyongo ana nguvu zaidi na bastola haimwezi. Kisha akasema: "Lakini Liyongo hakuuawa na mwenye nguvu. Aliuawa na mwanawe, aliyemuuliza siri yake, naye akamwambia. Willy Gamba kazi yake ni upelelezi. Kwa hiyo Willy akienda na bastola atashindwa, ila akikaa naye chini wakala na kuzungumza, siri ataipata."

Darasa lilinyamaza. Kisha kijana mwingine akauliza kama Liyongo angemwambia mgeni siri ambayo alimwambia mwanawe tu. Swali hilo ni zuri pia, na mpaka leo halijapata jibu. Hakuna aliyetukanwa siku ile, na jioni ile wanafunzi kadhaa walikuja kuuliza wapate wapi utenzi wa Liyongo.

Tazameni alichofanya yule binti. Alikuwa amevisoma vitabu vyote viwili. Alianza kwa kukiri nguvu ya shujaa wa wenzake. Alitaja uwanja. Na hakumgusa mtu yeyote aliyebishana naye. Wale vijana wawili wa mtaroni walikosa yote manne, na ndiyo maana mikono ikasema badala ya ndimi.

WASIOINGIA ULINGONI

Liko jambo moja ambalo tunaliwekea mpaka. Baadhi ya wadogo wetu wamezisikia tenzi za zamani za vita, kama ule wa Ras-il-Ghuli, ambamo Sayyidna Ali anapigana na maadui wa kutisha. Wakatuuliza: Sayyidna Ali na Superman, nani angeshinda? Hatukuwakemea, kwa maana waliuliza kwa mapenzi. Lakini swali lenyewe halisimami. Tenzi hizo watunzi walizinogesha kwa mengi ya kubuni, ila Sayyidna Ali mwenyewe alikuwa mtu wa kweli, aliyeishi na kufa, akauawa Kufa mwaka 40 Hijria. Mwingine ni wino juu ya karatasi. Bondia Muhammad Ali alipowekwa kitabuni alikuwa hai na aliridhia. Waliotangulia hawana wa kuwauliza. Basi wa hadithi wabaki na wa hadithi, na watu wa kweli tuwasome kwa yale waliyoyafanya.

MASHARTI TULIYOYAWEKA

Kwa hiyo kuanzia muhula huu, anayetaka kubishana juu ya mashujaa hapa madrasa afuate haya:

1. Ataje chanzo chake: kitabu gani au filamu gani. "Kila mtu anajua" si chanzo.

2. Ataje uwanja na masharti ya pambano kabla ya kutaja mshindi.

3. Aanze kwa kusema jambo moja zuri la shujaa wa mwenzake.

4. Ajibu hoja, asimjibu mtu. Atakayesema "wewe unajua nini" amekwisha shindwa.

5. Watu wa kweli tunaowaheshimu wasiingizwe.

6. Adhana ikianza, ubishi umekwisha, hata kama ulikuwa unakaribia kushinda.

Kwa wazazi tunaomba jambo moja. Wauza vitabu vya zamani bado wanatandaza barabarani hapa mjini, na mara nyingine humo hupatikana Musiba, Mtobwa au Muhammed Said Abdulla kwa bei ndogo. Mwenye kitabu nyumbani kisichosomwa atuletee, tumetenga rafu moja. Mtoto atakayebishana kwa kitabu hatakuwa na haraka ya kuchana kanzu ya mwenzake, kwa sababu atakuwa na la kusema.

Wale vijana wawili wameshapatana. Juzi tuliwasikia wakibishana tena, safari hii juu ya Bwana Msa wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ambaye hapigi mtu ila huvuta kiko chake na kufikiri, dhidi ya Sungura. Mmoja alisema Bwana Msa angeutambua kila ujanja wa Sungura. Mwenziwe akajibu kwamba kuutambua ujanja ni jambo moja, na kumkamata Sungura ni jambo lingine. Tuliwaacha waendelee. Wewe msomaji unaonaje? Lete jibu lako darasani, pamoja na chanzo chako.

Wabillahi tawfiq.