Kipuli cha Jaji na Viti Sita Vitupu

Wapo kati yetu wanaotaka majaji wachaguliwe kwa kutazamwa masikio. Msicheke. Mwaka 2011, Tume ya Utumishi wa Mahakama ilipompendekeza Dkt. Willy Mutunga awe Jaji Mkuu, taifa zima lilishikwa na mjadala wa kipuli kidogo kilichokuwa sikioni mwake. Viongozi kadhaa wa makanisa walisimama mbele ya waumini na waandishi wa habari wakasema mtu wa namna hiyo hastahili kukikalia kiti hicho. Nancy Baraza, aliyependekezwa kuwa naibu wake, alisakamwa naye kwa sababu ya mada aliyokuwa akiichunguza katika masomo yake ya uzamifu. Mutunga alikataa kukivua kipuli chake, Bunge likawaidhinisha wote wawili, na mwezi Juni mwaka huohuo wakaapishwa.

Hatuandiki haya ili kumdhihaki mchungaji wala kumzomea askofu. Kasisi ana ulimi kama raia mwingine yeyote, na kifungu cha 33 cha Katiba hakikuandikwa kwa ajili ya watu wa mrengo mmoja. Mhafidhina anayeamini kwamba ndoa ni ya mume na mke, na kwamba dini na mila za watu zisichezewe na hukumu za mahakama, ana haki kamili ya kuuliza ni mtu wa namna gani anayeletwa kuwa hakimu wake. Anayemwamrisha anyamaze arudi madhabahuni amesahau tulikotoka. Ni amri hiyohiyo waliyopewa Henry Okullu, Alexander Muge, David Gitari na Timothy Njoya walipothubutu kuukemea utawala wa chama kimoja. Siasa waachieni wanasiasa, waliambiwa. Hawakuwaachia, na vyama vingi vikarudi.

Basi kosa halikuwa kusema. Kosa lilikuwa katika kipimo.

Tuulizane kwa unyofu: jaji mbaya tumtambue kwa alama gani? Mkristo anayeisoma Biblia yake anaikumbuka habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Wazee wa Yezreeli walioipokea barua kutoka kasri hawakuwa wahuni wa mjini wala watu wa mavazi ya ajabu. Walikuwa watu wa heshima. Hata saumu walitangaza kabla ya kumweka Nabothi mbele ya mashahidi wa uongo. Kilichowafanya waovu ni kwamba mfalme akitaka kitu, na mkewe akiandika barua, kwao sheria ilikuwa imekwisha.

Kenya nayo imekuwa na Yezreeli yake. Mwaka 1987, Jaji Derek Schofield aliwaamuru polisi wauonyeshe mwili wa mtu aliyekufa mikononi mwao. Akahamishiwa Meru, kesi ikatoka mikononi mwake, naye akajiuzulu. Mwaka 1988 Katiba ikarekebishwa ili majaji wa Mahakama Kuu wasiwe tena na ulinzi wa kazi zao. Jaji akawa mtu anayeweza kuamka asubuhi akiwa na joho na kulala usiku akiwa hana. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuzuia jumba la ghorofa 60 lililokuwa lijengwe katika bustani ya Uhuru Park, akaambiwa na Jaji Norbury Dugdale kwamba yeye hana haki ya kushtaki. Haki hiyo ilikuwa ya nani, basi? Ya miti? Ulinzi wa majaji ulirudishwa 1990, baada ya kelele nyingi zilizopigwa na mawakili na watu wa makanisa, lakini hofu haitoki mahakamani kwa siku moja kama mgeni aliyefukuzwa.

Ukitaka kujua ni kwa nini Katiba ya 2010 ilimnyang'anya Rais uhuru wa kujiteulia majaji, jibu limo katika miaka ile. Leo kazi ya kuwatafuta na kuwahoji ni ya Tume yenye wajumbe 11, na kifungu cha 166 kinamwachia Rais jambo moja tu: kuwateua kwa kufuata mapendekezo ya Tume. Jaji Mkuu na naibu wake hupitia Bungeni pia. Inafaa tukumbushane, bila kinyongo, kwamba viongozi wengi wa makanisa waliipinga Katiba hiyo katika kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, kwa sababu ya mahakama za kadhi na kifungu kinachohusu uavyaji mimba. Walishindwa. Hata hivyo Katiba waliyoikataa inawalinda wao pia, na miezi michache baadaye ilijaribiwa mara ya kwanza. Januari 2011 Rais Mwai Kibaki alimtaja Jaji Alnashir Visram kuwa Jaji Mkuu kwa njia iliyolalamikiwa kuwa ni ya zamani. Mahakama Kuu ikasema utaratibu umevunjwa, Februari majina yakaondolewa, na Tume ikaanza upya kwa mahojiano ya hadharani. Visram mwenyewe hakuwa na kosa. Njia ndiyo iliyokuwa mbovu, na aliyeirekebisha njia alimfungulia mlango Mutunga na kipuli chake.

Sasa mgeuze mezani mhafidhina mwenyewe tumwone akihojiwa. Mwaka 2016 aliyekalia kiti cha mahojiano alikuwa David Maraga, mzee wa kanisa la Waadventista wa Sabato. Aliulizwa kuhusu Sabato yake: ikiwa kesi ya uchaguzi wa Rais itaangukia Jumamosi, je? Hakuificha imani yake. Alisema siku hiyo ni ya Mungu wake. Kama tungekuwa tumekubali 2011 kwamba desturi ya mtu binafsi ni kizuizi cha kuwa jaji, walimwengu wangekuwa na haki ya kumzuia Maraga kwa Sabato yake kama vile wacha Mungu walivyotaka kumzuia Mutunga kwa sikio lake. Kisu ni kilekile, kimeshikwa upande wa pili tu. Naye Maraga huyo, mhafidhina wa dini, ndiye aliyeongoza Mahakama ya Juu Septemba 1, 2017 ilipoufuta uchaguzi wa Rais, majaji wanne dhidi ya wawili, jambo ambalo Afrika haikuwa imeliona. Rais Uhuru Kenyatta aliwaita wakora.

Tusiyapite maneno hayo haraka, kwa kuwa hayakuishia katika matusi. Mwaka 2019 Tume ilimpelekea Rais majina 41 ya watu wa kuteuliwa majaji. Akayakalia. Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba hana mamlaka ya kuyachuja, akaendelea kuyakalia. Mmoja wa wale 41 alifariki akingoja. Mei 13, 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu waliutupilia mbali mpango wa BBI, na miongoni mwao walikuwemo Joel Ngugi na George Odunga, ambao majina yao yalikuwa katika orodha ile wakisubiri kupandishwa hadi Mahakama ya Rufaa. Wiki tatu baadaye Rais aliwateua watu 34 na kuwaacha sita: Ngugi, Odunga, Aggrey Muchelule, Weldon Korir, Evans Makori na Judith Omange. Ikanong'onwa kwamba kuna ripoti za ujasusi dhidi yao. Tume haikuletewa ushahidi wa kuifanya ibadili uamuzi wake, nao sita hawakupewa mahali pa kujitetea. Viti sita vikabaki vitupu hadi Septemba 2022, Rais William Ruto alipowateua siku ileile aliyoapishwa.

Sasa msomaji ajiulize, ndani ya kanisa lake mwenyewe: ni Jumapili ngapi viti hivyo sita viliombewa au kusemewa? Kipuli kimoja kilitikisa mimbari nyingi 2011. Barua ya Yezebeli ilipoandikwa upya, na kupigwa muhuri, na kutumwa, mimbari zilizotikisika zilikuwa ngapi? Jibu analo kila mmoja mahali alipoketi.

Wahafidhina wanalo lalamiko moja ambalo hatutalipuuza: kwamba vyombo vya habari huwaonea. Wanasema hoja yao ya 2011 kuhusu familia na maadili ilifupishwa ikawa kichekesho cha kipuli, na kwamba askofu akisema maneno elfu moja, gazeti litachapisha yale kumi yanayomfanya aonekane mtu wa kale. Upo ukweli humo. Mhariri anajua kuwa picha ya sikio huuza gazeti kuliko maelezo ya kifungu cha Katiba. Lakini upendeleo wa magazeti hauna kabila moja wala dini moja. Oktoba 2003, katika ule usafishaji wa mahakama uliotokana na ripoti ya Jaji Aaron Ringera, majina ya majaji 23 waliotuhumiwa yalitapakaa magazetini kabla ya hata mmoja wao kusikilizwa. Wengi katika kambi ya mageuzi walishangilia. Jaji Philip Waki alikuwa katika orodha hiyo. Baraza la majaji lilimchunguza na kumwona hana hatia, akarudi kazini. Mwaka 2008 nchi ilipokuwa bado na majivu ya nyumba zilizochomwa, ni Waki huyo aliyepewa kazi ya kuchunguza ghasia za baada ya uchaguzi, na tume yake ikaifanya bila woga. Kama kichwa cha habari kingekuwa hukumu, tungempoteza.

Dawa ya upendeleo huo ni nini? Hapa tunatengana na baadhi ya marafiki zetu wahafidhina, wanaotamani serikali iwaadhibu wahariri. Serikali ikipewa fimbo ya kuwapiga wahariri wabaya, haitaulizia ubaya. Jarida la Beyond, la watu wa kanisa, lilipigwa marufuku 1988 kwa kuandika ukweli kuhusu uchaguzi wa mlolongo, na mhariri wake Bedan Mbugua akafungwa. Januari 30, 2018 Citizen, NTV na KTN zilizimwa ili wananchi wasimwone Raila Odinga akila kiapo Uhuru Park. Mahakama Kuu iliamuru ziwashwe, na serikali ikachukua siku kadhaa kabla ya kutii. Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mahakama ikaisimamisha amri hiyo siku ileile. Ona nani aliyeiokoa kalamu katika visa hivyo viwili vya karibu: jaji. Anayetaka mwandishi huru na jaji mtiifu anaomba mvua na kiangazi kwa pamoja.

Na jaji huyohuyo atakuudhi. Februari 24, 2023 Mahakama ya Juu iliamua, watatu dhidi ya wawili, kwamba lilikuwa kosa kulikatalia usajili shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Makanisa na misikiti vilighadhibika, na Rais akasema hadharani kwamba hakubaliani na uamuzi huo. Kughadhibika si dhambi, na kuikosoa hukumu si uhaini. Majaji wawili waliopinga walitoa hoja ambazo mhafidhina anaweza kuzishika na kuzitetea kwa akili. Lakini ukisikia mtu akidai watatu wale wafukuzwe, mfungulie kifungu cha 168. Atakuta maradhi ya mwili au akili, uvunjaji wa kanuni za maadili, kufilisika, kutojua kazi, na utovu mkubwa wa nidhamu. Hukumu isiyopendeza haimo. Ingekuwemo, Januari 2024, Rais Ruto alipowashambulia majaji waliosimamisha miradi yake na kudai kwamba wamehongwa, angekuwa na kila anachohitaji ili awafagie, pamoja na walioilinda mishahara ya waumini dhidi ya kodi ya nyumba isiyo halali.

Kwa hiyo Tume itakapotangaza tena majina ya watakaohojiwa na kuwaalika wananchi watoe maoni yao, parokia, ushirika na kikundi cha wanaharakati wasingoje picha ya gazeti. Zisomwe hukumu alizoandika mtu huyo. Iulizwe alimfanyia nini mjane mwenye kesi ya shamba, mshtakiwa aliyeletwa kortini akiwa na majeraha, na wizara iliyokaidi amri yake. Kama alikula rushwa, aandikwe siku, mahali na shahidi, na mwandishi wa barua atie sahihi yake. Kuhusu hereni, Sabato, hijabu, msuko wa nywele na kanisa analosali, karatasi iachwe nyeupe. Na Rais yeyote, awe wa dhehebu letu au la, akiyakalia majina hata kwa wiki moja, kengele ipigwe Jumapili hiyohiyo.